Dokumentari ya kashata na ubuyu Dodoma: hiyo skripti weka pembeni kabla ya Jumamosi

Mdogo wangu, umeuliza ukodi kamera gani kwa dokumentari yako ya chuo ya wapika kashata na ubuyu, unayotaka kuishuti Jumamosi saa tatu pale soko la Majengo. Nimesoma swali lako lote mpaka ile picha ya skripti uliyobandika, nikafika pale ulipoandika "Shoti ya 4: mama anasimama, anageukia kamera, anaeleza sukari inavyoyeyuka", nimeshindwa kupita kimya. Jumamosi usiende Majengo na kamera. Wenzangu hapo juu wanakujibu habari za lenzi na droni na kukutakia kila la heri, mimi nakwambia ukienda na hicho kikaratasi utarudi huna filamu na utakuwa umemtia mtu hasara.

Sukari haisubiri mtu. Kashata ya karanga umeila tangu mdogo, lakini umewahi kukaa ukaangalia inavyopikwa mwanzo mwisho? Karanga zinakaangwa, zinatolewa maganda, zinawekwa pembeni. Sukari inaingia sufuriani kavu kavu, moto wa mkaa, mwiko hautulii. Mwanzoni unaona kama hakuna kinachoendelea, baadaye inashikana mabonge, pembeni inalainika, na ghafla yote imekuwa maji ya rangi ya asali. Hapo hapo ndipo karanga na iliki zinamwagwa. Ikikaa kidogo tu inaenda rangi ya kahawa, inatoa moshi, inakuwa chungu na hakuna namna ya kuirudisha. Sukari ikifika nyuzi 160 hivi inaanza kugeuka karameli, na jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza, likikolea limekolea. Akishamimina kwenye ubao uliopakwa mafuta anatakiwa aisukume kwa chupa na kuikata ikiwa bado ya moto, akichelewa imeshakuwa jiwe, kisu kikigusa inapasuka vipande ambavyo hakuna mtoto atatoa hela yake. Sasa kwenye mlolongo wote huo niambie mama anasimama wapi ili ageukie kamera yako?

Sisi tulikuwa kundi chuoni, hapa hapa Dodoma, mada karibu sawa na yako, vitamutamu vya mtaani. Skripti imechapwa vizuri, kila shoti na namba yake. Kamera tulikodi kwa jamaa mmoja anayeshuti harusi na sendofu, na huyo jamaa ndiye akajigeuza mwalimu wetu. "Kwenye video kila kitu kinarudiwa, msiogope kumsimamisha, huyo mama ni mwigizaji wenu." Yeye kazoea ukumbini, bibi harusi anamlisha bwana keki, picha haikukaa sawa, MC anasema rudieni, wanarudia, keki ni ile ile. Sukari motoni yeye hajawahi kuishuti maisha yake yote, ila alikuwa anaongea kwa uhakika huo! Na mhadhiri aliyetusimamia akasaini skripti bila hata kuuliza kama kuna mmoja wetu aliyewahi kuona kashata inapikwa. Nina hasira nao mpaka leo, na huyu wa pili ndiye zaidi, kwa sababu kutuuliza maswali ndiyo ilikuwa kazi yake.

Basi tukaenda. Mama alitupokea vizuri mno, katoa na vigoda. Sukari ikafika ile rangi ya asali, mkono umeshachota karanga, jamaa wa kamera akasema "mama subiri hapo hapo usimwage, nikusogelee". Mama akasubiri. Mtu mzima, anapika kashata miaka yote hiyo, lakini kaona vijana wa chuo na mashine kubwa akaamini tunajua tunachofanya. Jamaa anahangaika na fokasi, mwenzetu mmoja ananyoosha waya wa maiki, mimi nimeshika skripti, sufuria inaendelea na kazi yake. Harufu ilitangulia moshi. Mama akamwaga karanga haraka haraka kuokoa alichoweza, akaimimina, ikatoka nyeusi. Alivunja kipembe akaonja, akatema. Zile kashata zilikuwa za watoto wa shule ya msingi ya jirani, wanatoka mapumziko saa nne, na saa nne ilifika yeye akiwa anakwangua sufuria kwa kisu na maji ya moto.

Bajeti yetu ilikuwa na nauli, kukodi kamera, soda, vocha, lakini fidia ya mtu tuliyemharibia kazi haikuwemo. Tukachangishana tukakimbia dukani kununua sukari na karanga nyingine, sawa, ila wateja wa saa nne unawanunua duka gani?

Na usifikiri iliishia hapo, hasara kubwa ilikuwa bado. Sufuria ya pili mama alipika anatuangalia sisi badala ya kuangalia sukari. Kila hatua anasimama mwenyewe, ananyoosha kanga, anaongea kama anasoma taarifa ya habari, "sasa naweka iliki". Ile namna yake ya kuimba chini chini, kumfokea mjukuu asisogelee jiko, kugonga mwiko ukingoni mwa sufuria ili sukari iliyonata idondoke, vyote vilivyotufanya tumchague yeye, vikapotea mbele ya macho yetu. Kwenye kuediti tukakuta shoti ya sukari ya dhahabu, inayofuata kitu cheusi, inayofuata sufuria nyingine na mwanga mwingine, hakuna inayoungana na mwenzake. Siku ya kuonyesha, swali la kwanza la jopo lilikuwa mbona kashata imeanza ya njano imeishia nyeusi. Tulishajaribu kurudi tushuti upya, mama akasema ana shughuli, jirani zake wanaopika ubuyu nao wote wana shughuli, habari zilishatembea mtaa mzima. Dokumentari ikaishia na rafu za dukani, pipi za kijiti na bigijii kwenye makopo, na sauti yangu inasimulia juu yake. Filamu ya vitamutamu haina mpishi hata mmoja.

Ndiyo maana nasema hivi, na hili nataka ulishike kuliko mengine yote: siku ya kwanza unaenda bila kamera, na siku ya kushuti hakuna mtu anamwambia mpishi neno lolote sufuria ikiwa motoni. Hakuna subiri, hakuna rudia, hakuna geuka huku. Hata samahani mama usiseme.

Hiyo siku bila kamera siyo ya kupiga stori tu. Unakaa toka mkaa unawashwa mpaka kashata ya mwisho imeuzwa, unasaidia kutoa maganda ya karanga kama anakubali, unanunua na wewe, na unaandika saa kwenye daftari: sukari imeingia saa ngapi, imeanza kushikana baada ya muda gani, kutoka rangi ya asali hadi kumwaga karanga ni sekunde ngapi, mwanga wa mlango unaangukia upande upi wa sufuria, yeye anasimama mguu gani mbele. Ukitoka hapo unajua sukari itafanya nini kabla haijafanya, kwa hiyo kamera yako inakuwa imeshakaa pale inapotakiwa kuwa. Hiyo daftari ndiyo skripti yako, ile uliyobandika hapa imeandikwa na mtu aliyekaa hosteli.

Najua utaniuliza sasa shoti za karibu nitazipataje bila kumsimamisha. Marudio yapo, ila anarudia yeye kwa kazi yake. Mama wa kashata anayeuza kweli hapiki sufuria moja. Ya kwanza ishuti kwa mbali, yote, bila kukata. Ya pili mikono tu. Ya tatu uso wake na watu wanaopita nyuma. Mikono iliyozoea kazi inarudia mwendo ule ule kila mara, ukizipanga kwenye editi zinakaa kama sufuria moja na hakuna aliyeguswa. Na usiinamie sufuria kutafuta picha kali, sukari ya moto ikirukia ngozi inang'ang'ania, inaunguza vibaya kuliko maji yaliyochemka.

Maongezi weka wakati wa kufunga. Hili nimejifunza kwa wapika ubuyu baadaye sana. Ubuyu nao huwezi kuukatiza, sukari na maji vinachemka na rangi, iliki, pilipili kidogo, mbegu zinaingia, halafu unageuza geuza wakati unapoa ili ziachane zisiwe bonge moja, ukiacha umekwisha. Lakini ukishapoa wanakaa chini wanafunga kwenye vifuko, kazi ndefu, mikono iko bize na mdomo uko huru. Hapo ndipo mtu anakwambia ada ya mtoto ilitoka wapi, mbegu za mwaka huu zimekujaje kutoka Kondoa au Mpwapwa, nani kamkopa hajalipa. Mtu huyo huyo ukimkalisha kwenye kiti na taa anakupa majibu mawili, "ni biashara nzuri" na "tunashukuru Mungu".

Ila hapo kwenye vifuko uwe na adabu. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, kamera ikielekea kwenye vifuko mtu anaanza kuwaza mbali, na usalama wa chakula ulihamia TBS, lile shirika la viwango, mwaka huo huo, kwa hiyo kijana asiyemjua anayeuliza "mnapikia wapi, mnaweka rangi gani" anafanana kabisa na mkaguzi. Nenda na barua ya chuo na kitambulisho, mwambie filamu itaonwa na nani na itawekwa wapi, na akisema kitu fulani usishuti basi usishuti. Watoto wa shule wanaonunua, ruhusa ni ya mzazi na mwalimu mkuu, siyo ya mtoto mwenye pipi mdomoni. Bodi ya Filamu uliza mapema chuo chako kinafuata utaratibu gani, ile sheria ya filamu ipo tangu 1976 na haina habari kwamba wewe ni mwanafunzi.

Halafu hizo dakika tano za mwanzo ulizoziita "historia ya sukari duniani", miwa kutoka New Guinea, sijui India, sijui Waarabu, ukisoma juu ya picha za kwenye mtandao. Kata zote. Historia unayo nyumbani, ndani ya hiyo kashata. Kongwa hapo, mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga wa matrekta, wanataka mafuta ya kula kwao baada ya vita. Mpango kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haba, mibuyu inavunja mashine, 1951 wakaachana nao na pauni milioni 36 hivi zimeishia porini. Leo karanga inayoingia kwenye sufuria ya mama imelimwa kwa jembe la mkono. Muulize mkulima mmoja huko Kongwa wakati anapukuchua na una dakika zako tano, na hazitoki Google.

Sauti, jamani, upepo wa Dodoma kiangazi unaujua, ukishuti uwanjani bila kufunika maiki utapata mvumo tu. Mlio wa karanga zikiingia kwenye sukari na kisu kikikata kashata, huo rekodi peke yake, ndani, simu ikiwa karibu. Kamera uliyouliza wala usikodi, simu nzuri na stendi inatosha, na simu haimtishi mtu mzima. Droni achana nayo, vibali vyake vinapita mpaka mamlaka ya anga na wizara ya ulinzi, na kashata toka angani haionekani.

Leo Jumatano, bado muda upo. Kesho kabla ya kipindi pita Majengo, nunua kashata kwa mama wawili watatu, salimia vizuri, mama wa Kigogo ukimwambia mbukwenyi atacheka na mtaongea, halafu uliza anapikia wapi. Wengi wanaouza pale sokoni hawapikii pale, wanapikia nyumbani, na wengine wanawasha mkaa alfajiri daladala hazijaanza, kwa hiyo Jumamosi saa tatu uliyoandika ungekuta kashata zimeshakatwa na ziko kwenye sinia. Ukishajua ni mtaa gani na anawasha saa ngapi niandikie hapa hapa, tupange usafiri wa kufika kabla yake.