Jibu: Mfumo gani unafaa mchezo wa watu wa kawaida, Kilwa kabla ya 1505?

Mkuu, umesema unataka kuendesha mchezo wa mezani, ule wa kila mtu kuigiza mhusika wake na dadu kuamua matokeo, uliowekwa Kilwa, miaka michache kabla Wareno hawajaivamia 1505. Wachezaji wawe fundi wa mitepe (majahazi ya kushonwa kwa kamba), baharia, mchuuzi na mganga, na asiwepo wa kurusha moto kwa mikono. Unauliza kama uipunguze nguvu D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mashujaa na uchawi) au utafute kanuni nyingine. Nimeendesha kwa njia zote mbili, nami nasema tafuta nyingine.

Wengi wakichagua mfumo hutazama picha za kitabu: kuna majoka, haufai, kuna majahazi, unafaa. Picha hazikusaidii kitu. Fungua kurasa za majeraha, kisha zile za jinsi mhusika anavyokua.

Chukua mpiganaji wa levo (ngazi ya nguvu) ya tano kwenye D&D toleo la tano, mwenye mwili imara kiasi. Ana pointi 44 za uhai, zikiisha ndipo anaanguka. Mtu mwenye misuli akimkata kwa silaha ambayo madhara yake ni dadu ya pande sita na nyongeza ya 3, pigo la kawaida haliwezi kuzidi 9. Akatwe hivyo mara nne, bado amesimama. Akilala kwa muda wa saa nane, anaamka hana hata mkwaruzo. Sasa huyo atamwogopa nani gizani pale bandarini? Kuna wanaozuia levo zisivuke ya sita, ile njia inayoitwa E6, na inasaidia kweli. Lakini hata levo ya sita ni shujaa tayari, na wachawi utabaki unawafuta mmoja mmoja.

Kwa meza yako ningechukua Basic Roleplaying ya Chaosium, kanuni zile zile za asilimia zinazobeba michezo ya RuneQuest ya 1978 na Call of Cthulhu ya 1981. Hakuna levo. Uhai ni wastani wa ukubwa wa mwili na afya, kwa hiyo mtu wa kawaida ana kama 12, na baada ya misimu ya kucheza bado ana 12. Silaha ya dadu ya pande nane ikitoa 6 au zaidi, hilo ni jeraha kubwa, maana limekula nusu ya uhai wake kwa pigo moja. Wachezaji wakishaliona hilo mara moja, wanaanza kuongea, kuhonga, kukimbia, yaani mambo ambayo mchuuzi angefanya.

Na kupona ni polepole: bila tiba, unarudishiwa pointi za dadu ya pande tatu kwa wiki. Kwenu hilo ni zuri sana, kwa sababu safari zenyewe zinasubiri upepo. Aliyekatwa mwisho wa kaskazi atauguza jeraha lake mpaka kusi ishike, na wenzake wakati huo wanajifunza. Ujuzi nao unapanda kwa namna ninayoipenda: ukiutumia vizuri unauwekea alama, halafu baadaye unarusha dadu za asilimia (1 hadi 100), na lazima upate zaidi ya kiwango ulicho nacho ndipo upande. Fundi mwenye 85 atahangaika. Kijana mwenye 30 anapanda haraka.

GURPS, mfumo mwingine, nayo inafaa. Dadu tatu za kawaida, na GURPS Lite ni ya bure, kurasa 32. Wape wahusika pointi 50 hadi 75 za kujitengenezea, usifike 150. Shida yake ni kutengeneza mhusika. Wageni huchoka kabla mchezo haujaanza. Savage Worlds sikushauri, dadu zake zinalipuka (ukipata namba ya juu kabisa unarusha tena na kujumlisha) na kila kitu kinakuwa sinema.

Mganga usimpe kanuni za uchawi kabisa; kwenye Basic Roleplaying ni za hiari, unaziruka tu. Tiba ni ujuzi wa kawaida. Uaguzi pia uwe ujuzi, ila dadu narushaga mimi nyuma ya daftari, matokeo siyaonyeshi. Nikimwambia "safari hii ina mkosi", hajui kama ameona kweli au amekosea, na nahodha anayemlipa hajui pia. Mivutano yote inatokea hapo.

Orodha ya ujuzi kitabuni ni ndefu. Futa kompyuta, urubani na vyote visivyokuwepo enzi hizo, kisha ongeza kushona mtepe, kusoma nyota na kupatana bei.