Nyota Zilizopotea kwenye Vitenge: Rangi Inavyogeuza Sura ya Mfarishi

Mfarishi wangu wa kwanza wa viraka niliushona kwa mabaki ya vitenge. Mafundi wa cherehani wa hapa Arua, Uganda, huyafagia chini ya meza jioni, na mkizoeana wanakuwekea kwenye mfuko. Nilichagua yale yaliyonivutia kuliko yote: nyekundu yenye maua ya njano, kijani yenye ndege, zambarau yenye miduara mikubwa. Nikashona bloku 12, yaani miraba ya viraka inayounganishwa kuwa mfarishi, za nyota ya Ohio, mtindo wa zamani wa Wamarekani, mshono wa robo inchi kila upande, pembe zote zikikutana barabara. Nikatandika kazi yangu uani juu ya mkeka, nikamwita jirani yangu, mama wa Kinubi anayesuka vile vifuniko vya rangi nyingi vya kufunikia chakula. Akauzunguka mkeka mara mbili.

"Mwanangu, si ulisema ni nyota? Ziko wapi?"

"Hizi hapa, mama." Nikainama nimwonyeshe kwa kidole, na pale pale nikagundua kwamba hata mimi nazitafuta.

Pembetatu zote zilikuwa mahali pake. Ila nyekundu yangu, kijani yangu na zambarau yangu zilikuwa zimekoza sawasawa, kila moja ikipiga kelele kama mwenzake, na jicho halikujua limsikilize nani. Mama yule akaingia ndani akatoka na kifuniko chake kimoja, akaweka kidole kwenye ua jeusi lililozungukwa na rangi ya majani makavu. "Mimi nikitaka ua lionekane," akaniambia, "pembeni yake naweka rangi iliyonyamaza."

Tangu siku hiyo, kabla sijauliza kitambaa ni cha rangi gani, nauliza kimekoza kiasi gani. Mabaki yangu nayagawa mafungu matatu: yaliyokoza, ya kati, na ya mwangaza. Nyekundu na bluu zinaweza kukaa fungu moja, na bluu mbili zikakaa mafungu tofauti. Umbo la bloku huchorwa na tofauti hiyo ya kukoza. Jina la rangi linafuata baadaye.

Ukitaka kuhakikisha, piga picha vitambaa vyako kwa simu kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mimi nilipozipiga picha zile bloku 12 nilipata bati la kijivu kutoka pembe hadi pembe. Usipokuwa na simu ya kamera, finya macho mpaka uone ukungu, au bandika bloku ukutani urudi nyuma hatua kumi. Na uchague mchana, karibu na mlango. Taa ya manjano ya usiku imeshanidanganya mara nyingi, hasa kati ya bluu iliyokoza na nyeusi.

Sasa turudi kwenye nyota yenyewe, kwa sababu ndiyo mwalimu mzuri. Nyota ya Ohio ina miraba 9, mitatu kwa mitatu. Minne ya kwenye kona na mmoja wa katikati ni mizima. Ile minne iliyobaki, kila mmoja umegawanywa pembetatu 4, kwa hiyo una vipande 21 kwa jumla. Katika kila mraba uliogawanywa, pembetatu mbili ni miale ya nyota, moja inatazama nje na moja inagusa kitovu. Hii ya mwisho ndiyo watu huisahau. Ukiipa rangi ya mandhari, yaani ya nyuma ya nyota, unapata nyota nyembamba iliyo wazi, kama tunavyoizoea. Ukiipa rangi ileile ya kitovu, kitovu kinavimba na kuwa mraba uliosimama kwa pembe yake, na nyota inaonekana kama imewekewa taa ndani. Ukiipa rangi ya miale, nyota inakuwa nzito, imejaa. Halafu geuza kila kitu: mandhari iliyokoza, miale ya mwangaza. Nilipofanya hivyo kwa kadeti nyeusi na kitenge cha krimu, mteja wangu hakukubali kwamba ni bloku ileile aliyoikataa mwezi uliotangulia. Na ukitaka kuiua nyota kabisa, zipe pembe nne rangi ileile ya miale. Nguvu yote inakimbilia pembeni, unabaki na umbo linalofanana na herufi X. Hizo ni sura tano, na rula haikuguswa.

Vitenge vina tabia zake, na ushauri mwingi wa wenzetu wa Marekani na Uingereza haukuviwazia. Kitenge chenye ua la ukubwa wa sahani, ukikikata pembetatu za inchi 3, kipande kimoja kitatoka cha njano tupu na kingine bluu tupu. Unaweza kudhani umeshona kwa vitambaa viwili tofauti. Kwa hiyo sikati nikiwa nimekunja kitambaa safu nne ili kuokoa muda. Natoboa dirisha la ukubwa wa kipande kwenye karatasi ngumu, nalipitisha juu ya kitenge, napiga chaki pale ninapopataka. Kitambaa kinabaki na matundu kama kimeliwa na panya, lakini kila mwale wa nyota unakuwa na rangi niliyoichagua mwenyewe.

Jambo lingine: geuza kitenge uone mgongo wake. Vile vya nta halisi rangi imepenya pande zote mbili. Vile vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu, na mgongo wake umepauka. Wengi wanaona huo ni upungufu. Mimi naupenda, kwa sababu kitambaa kimoja kinanipa fungu la yaliyokoza na fungu la mwangaza, michoro ikiwa ileile. Bloku ya miraba tisa, mitano kwa uso na minne kwa mgongo, inatulia vizuri sana kwenye mfarishi wa mtoto mchanga.

Ukiniuliza ni bloku gani ya kuanza nayo kama unataka kuona rangi ikifanya kazi, nitakujibu nyumba ya magogo. Katikati kuna mraba mdogo, na desturi ya zamani huufanya mwekundu kuwakilisha moto wa meko. Unauzungushia vipande vyembamba: pande mbili zinazopakana unaziweka za mwangaza, mbili zilizobaki zilizokoza, safu juu ya safu. Bloku inagawanyika kwa mshazari, nusu mchana, nusu usiku. Kitambaa cha bei ghali hakihitajiki. Mashati ya mivumba, yaani mitumba, yanatosha kabisa, ya mistari, ya vibokisi, hata kola zake.

Utamu wake uko kwenye kupanga. Tandika bloku 16, nne kwa nne. Zikielekezwa zote upande mmoja, unapata mistari ya mshazari ya giza na mwanga, ambayo Wamarekani huiita mitaro iliyonyooka, na mtu yeyote aliyewahi kulima matuta huku kwetu ataitambua bila kuambiwa. Zungusha zile za ndani na za nje mpaka nusu za mwangaza zikutane katikati, utaona almasi kubwa zinazopanuka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mimi hukaa na bloku zangu chini siku mbili au tatu, nazungusha hii, narudisha ile, napiga picha kila mpango. Usiwe na haraka ya kuunganisha. Kufumua bloku 16 si kazi ya kumtakia mtu.

Niliwahi kudhani kwamba nimeuziwa kadeti nyeusi iliyochujuka, kwa sababu kila nilipoiweka kando ya bluu nzito ilionekana imepoa, haina kina. Nikaipeleka mlangoni, peke yake: nyeusi tii. Baadaye nikasoma habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyesimamia idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Walimlalamikia kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni dhaifu. Akapima akaona rangi haina kosa. Kilichoidhoofisha ni bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kazi yake kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa jirani. Basi kitambaa kikikukera kwenye bloku, kabla hujakitupa kibadilishie jirani. Kadeti yangu niliihamishia kando ya rangi ya chungwa, ikarudi kuwa nyeusi.

Na usidhani lazima uwe na rangi nyingi. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Walichonifunza mimi ni suruali ya jinzi. Chukua jinzi ya mivumba, fumua mfuko wa nyuma taratibu kwa wembe. Chini yake utakuta mraba wa bluu ya siku ya kwanza dukani, haujapigwa na jua wala sabuni, na kuuzunguka kuna bluu iliyopauka, halafu magotini karibu nyeupe. Mafungu yote matatu yamo kwenye suruali moja. Nimeshona nyumba ya magogo ya jinzi tupu, kitovu peke yake kikiwa kitenge chekundu, na ndiyo kazi ninayoombwa zaidi.

Kitenge chekundu hicho kikague kabla ya kukata. Mwaka juzi niliunganisha nyekundu mpya na nyeupe bila kuviosha. Mteja akafua mara moja, na mandhari yote ikawa waridi yenye mabaka. Nilimshonea mwingine kwa gharama yangu. Siku hizi naloweka kila kitambaa kilichokoza peke yake, nakisugua kwa kipande cheupe kibichi, na kama cheupe kinatoka na doa narudia maji mpaka doa liishe. Nyekundu moja ilinichukua mabeseni sita. Nyingine haikukoma kabisa, nikaishonea mfuko wa sokoni.

Ninapoandika haya, bloku 16 ziko kwenye mkeka, mwangaza ukiwa kati. Jirani yangu amepita, amesimama, amesema ile ya kona ya kulia imegeuka. Ni kweli. Lakini nilipoitazama ikiwa hivyo ilivyogeuka, nimeanza kufikiria kuzigeuza kona zote nne.