Maswali ya Wasomaji: Panya Wasiokwisha Stoo

Swali: Stoo yangu ni ya matofali, imeezekwa bati, mlango wa mbao. Naweka magunia 40 ya mahindi. Kila mwaka natia sumu, panya wanakufa, baada ya wiki tatu wamejaa tena. Je, sumu za siku hizi zimechakachuliwa?
*Msomaji, Kilosa*

Jibu: Sumu haina kosa. Umeua wapangaji ukaacha nyumba wazi, na mavuno yakishatoka shambani panya wa huko nao wanatafuta pa kuhamia. Anza na kuziba.

Ingia stoo saa saba mchana, jifungie bila tochi, tulia dakika tano macho yazoee giza. Kila panapopenya mwanga weka alama ya chaki. Tundu linalopitisha kalamu ya risasi linamtosha panya mdogo. Mara nyingi utaona mwanga juu ya ukuta, chini ya migongo ya bati. Wengi huziba hapo kwa udongo au saruji tupu, na asubuhi wanakuta pamechimbuliwa, kwa sababu panya hakusubiri saruji ikauke. Shindilia kwanza stilwaya ya kusugulia masufuria, ndipo upige lipu ya saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Matundu ya hewa yawekee wavu wa chuma wenye vijitundu vya milimita 6. Wavu wa kuku ni mpana mno, na wa plastiki ni kitafunwa.

Mlangoni, jua kwamba meno ya panya hushika ukingo. Bati bapa lililopigiliwa usoni tu halisaidii. Likunje lizunguke ukingo wa chini wa mbao, lipande sentimita 30 ndani na nje. Uwazi wa chini usizidi milimita 5.

Ukiishia kuziba, waliokuwemo umewafungia karamuni. Wiki hiyohiyo weka mitego sita hadi minane ya kubana, upande wa chambo uelekee ukuta, maana panya hupita akiambaa ukutani. Chambo kiwe karanga iliyosagwa au kipande cha dagaa. Siku tatu za kwanza weka chambo bila kuitega, waache wale tu, kwani panya wakubwa huogopa kitu kigeni. Magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ufagio upite. Kama unatumia mifuko isiyopitisha hewa, usilegeze vita na panya hata kidogo: tundu moja la jino lake linarudisha hewa, na dumuzi, wadudu watoboao mahindi, wanaendelea na kazi yao.

Swali: Kihenge changu kiko juu ya nguzo nne. Nimezivalisha makopo ya bati, bado wanapanda.
*Msomaji, Songea*

Jibu: Kopo lililobana nguzo halina mdomo wa kumzuia. Tengeneza kofia: kata duara la bati bapa lenye kipenyo cha sentimita 90, lipasue hadi katikati, lipishanishe robo, upate umbo la pia. Kwenye nguzo ya unene wa sentimita 15 ukingo utatokeza kama sentimita 26 kila upande. Bati moja la futi 4 kwa 8 linatoa kofia mbili. Zifunge mita 1 au zaidi kutoka ardhini, mdomo ukitazama chini, na usiache upenyo kati ya bati na nguzo. Kisha uondoe ngazi kila jioni! Ngazi iliyosahaulika, au tawi la mwembe lililoinamia paa, inafuta kazi yote.

Swali: Jirani anasema nichanganye dawa ya wadudu ya shambani na dagaa.
*Msomaji, Korogwe*

Jibu: Hapana. Kuku, paka na watoto watatangulia kuila. Tumia dawa ya panya ya kuzuia damu kuganda, kama bromadioloni ya asilimia 0.005, ndani ya kisanduku chenye tundu, kando ya ukuta, kamwe si juu ya magunia. Huua baada ya siku kadhaa, hivyo panya haihusishi na ugonjwa. Fosfidi ya zinki huua kwa saa chache, lakini aliyeonja kidogo akaugua haigusi tena.

Mizoga ishike kwa glavu, izike. Kinyesi usikifagie kikavu. Kiloweshe kwanza kwa klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, 1 kwa 10. Homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Mtoto akila dawa, mpeleke hospitali na pakiti yake: hiyo ya kuzuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K.