Dalali wa nyumba: anachokufanyia hasa

Dada yangu, umeuliza kwa nini umlipe dalali kamisheni wakati nyumba ni yako na tangazo unaweza kuliweka mwenyewe. Tangazo kweli utaliweka. Kazi yake kubwa ni bei.

Dalali anayejua kazi hutazama nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni mtaani hapo, na bei zilizolipwa, si zilizotangazwa. Ukianza juu mno, wanunuzi wa mwanzo watakupita. Nyumba ikikaa miezi bila kuuzwa, watu huanza kuuliza ina kasoro gani, na mwisho unashusha hata chini ya pale ulipopaswa kuanzia.

Halafu anachuja wanaokuja kutazama, maana wengine hawana fedha wala mkopo ulioidhinishwa. Tulipouza nyumba ya mama, mtu mmoja aligusa ukuta wa jikoni akasema, "Pana unyevu hapa, punguza." Mama alinyamaza, machozi yakimlengalenga. Dalali alijibu kwa utulivu: kupaka rangi upya na kuziba bomba ni gharama kadhaa, tutaondoa hiyo tu. Mimi ningegombana naye.

Kabla ya kusaini, soma mkataba vizuri. Kamisheni ni asilimia ngapi, inalipwa lini, na unafungwa naye kwa muda gani? Muulize pia, tafadhali usione haya, kama analipwa na mnunuzi pia. Na hati za nyumba mpelekee mwanasheria wako mwenyewe.