PSAT: baba anauliza hesabu, wewe kazana kusoma

Kama unaingia gredi ya 11 huku Marekani, mwezi wa kumi kuna PSAT/NMSQT, yaani mtihani wa kujipima kabla ya SAT ambao pia ndo mlango wa National Merit, shindano la kitaifa la ufadhili wa masomo, na shule nyingine hawakukumbushi, yaani usipomfuata kaunsela mapema ukamuuliza unajiandikishaje, siku inapita hivihivi na National Merit ndo imeenda. Matokeo hayatumwi vyuoni, kwahiyo hata ukiboronga hakuna chuo kitakachokunyima nafasi, tulia.

Mimi niliufanya Oktoba 2023, msimu wa kwanza wa laptopu badala ya karatasi.

Sasa sie watoto wa Kibongo tunajuana, nyumbani ni hesabu hesabu hesabu. Ila cheki National Merit wanavyopiga: alama za kusoma na kuandika mara mbili, jumlisha za hesabu, gawa kwa 10. Mwenye 740 ya kusoma na 660 ya hesabu anatoka na 214. Mwenzie akiwa na 660 ya kusoma na 740 ya hesabu anapata 206, na wote jumla yao ni 1400! Mpelekee baba hiyo uone atakavyonyamaza.

Ndo maana mimi nguvu nyingi nilipeleka kwenye kusoma na kuandika. Vifungu ni vifupi, kila kimoja na swali lake, moduli ya kwanza (yaani nusu ya kwanza ya sehemu hiyo) ni maswali 27 kwa dakika 32, halafu moduli ya pili hivyohivyo. Pa kuokota alama kirahisi ni alama za uandishi, nukta mkato na wenzake, sheria zake chache na zinajirudia mno. Moduli ya pili ikija ngumu usipanik, ina maana ya kwanza umeipiga vizuri. Na usiache swali wazi, kukosea hakukati alama.

Hesabu nako kuna Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu, humohumo ndani ya Bluebook, app unayofanyia mtihani. Ukipewa milinganyo miwili iandike yote kama ilivyo, gusa mistari inapokatana, jibu hilo hapo (mwalimu wangu wa aljebra alikuwa hataki kabisa kuisikia).

Tuisheni ya hela sioni sababu, Bluebook ina mitihani ya majaribio ya bure na Khan Academy, tovuti ya masomo, nao bure. Ila fanya mtihani mzima kwa mkupuo, masaa mawili na dakika 14, simu mpe mama. Na siku yenyewe laptopu iende imejaa chaji, soketi za darasani mnaweza mkagombania.