Maharage yaache, na jinzi pia

SWALI: Mwezi wa nane napanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, siku nne, mara yangu ya kwanza, na mzigo nitabeba mwenyewe. Begi limefika kilo 21: jinzi mbili, hudi tatu za pamba, mchele, maharage. Mwandaaji wa safari anasema tuje na nguo yoyote nzito. Nipunguze nini?

JIBU: Ndugu yangu, toa jinzi zote na hudi zote. Maharage pia. Kambi ya Shipton iko mita 4,200 hivi. Huko maji huchemka yakifika nyuzi 86 tu, na gesi itakuishia maharage bado magumu. Beba unga wa uji, tambi, njugu, na chapati za siku ya kwanza.

Linaloniudhi kila msimu ni hilo la "nguo yoyote nzito". Uzito si joto. Pamba hunywa mvua na jasho na haikauki upesi, na maji hunyang'anya mwili joto haraka takriban mara 25 kuliko hewa. Utapanda Bonde la Mackinder ukitoka jasho, mvua ya alasiri ikukute humo, na jua likizama hudi uliyoitegemea ndiyo itakayokugandisha. Jinzi uliyoanika, saa tisa usiku ukiamka kwenda kilele cha Lenana utaikuta imekakamaa kama ubao.

Jaribu nyumbani. Leo jioni loweka jinzi na suruali ya michezo ya polista, zikamue, zianike kivulini. Asubuhi zishike.

Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, utapata fulana za kukimbilia, sweta ya flisi au sufu, na koti la mvua. Nguo za kulalia zifunge peke yake kwenye mfuko usiopitisha maji, na mchana usiziguse hata ukitetemeka. Begi lishuke hadi kilo 13 hivi.

Sasa hawa waandaaji wa mitandaoni. Wanatangaza bei ya chini, wanabana siku nne ziwe mbili, na hakuna anayekuuliza umevaa nini. Watu wanapandishwa haraka kabla mwili haujazoea hewa nyembamba. Wakiumwa kichwa na kutapika wanaambiwa ni uchovu, wajikaze, wakati dawa yake ni kushuka mara moja. Muulize wako maswali mawili: atakagua mabegi kabla ya geti, na nani atamshusha atakayeugua usiku? Akibabaika, dai pesa zako.