Tajiri wa hesabu hamwagi oili

Mhariri, wiki hii mmetuuliza pikipiki iliyonunuliwa mkononi kwa mtu itunzwe vipi hadi ifikishe miaka 20 na kuendelea. Mimi ningeanza kwa kuuliza: pikipiki yenyewe ni ya nani? Hapa Moshi bodaboda nyingi ni za hesabu. Kijana anampelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, fedha waliyopatana kila jioni, kinachobaki ndicho cha kijana. Oili ikichoka, kijana anasema kuimwaga na kutia mpya ni kazi ya tajiri. Tajiri anasema anayeichosha ndiye aimwage. Wakati wanabishana, ringi za pistoni zinakwisha. Kwenye mkataba, ambako kijana akimaliza malipo chombo kinakuwa chake, utamwona miezi ya mwisho ghafla ameanza kusikiliza milio ya injini.

Kwa hiyo ninaandika kwa mwenye pikipiki yake, asiyeogopa kuchafua mikono.

Ninayoendesha ni Honda CG125, niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Uru. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakiwafikiria watu wanaopakia kupita kiasi na kusahau sevisi. Valvu zake, yaani vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, zinasukumwa na fimbo, haina taimingi cheni (cheni ya ndani ya injini) ya kulegea na kupiga kelele kichwani. Wachina wakaiiga injini hiyo, na ndiyo sababu pikipiki nyingi mnazoziona stendi, hata zenye majina mengine kabisa, ndani ni ndugu wa CG. Spea hazikosekani. Ubora wake ni suala jingine: ringi na beringi mimi sinunui kwa kuangalia bei.

Oili ndiyo shina la mambo yote. Injini ya namna hii inabeba takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Gari lina oili nyingi zaidi na gia zake zina oili yake. Pikipiki haina anasa hiyo. Ukipungukiwa robo lita, umepungukiwa robo ya ulichonacho. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya katikati, maana ukipima imelalia stendi ya pembeni kijiti cha kupimia oili kinakudanganya. Na kwenye CG kijiti hicho unakichomeka tu bila kukikaza, ndipo unasoma.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki. Nyingi za kisasa za magari zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi yetu inaogelea ndani ya oili na inahitaji msuguano ili ishike. Ukiitia, injini inanguruma mlimani lakini pikipiki haiendi, kisha fundi anakubadilishia sahani za klachi ambazo hazikuwa na kosa. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Kwa joto la huku chini, oili ya uzito wa 20W-50 inafaa.

Mimi namwaga kila baada ya kilomita 1,500 hivi. Najua mtaniambia mita zenu zilikufa zamani. Basi hesabuni petroli: pikipiki ya 125 ikila lita moja kwa kilomita 40, lita 40 za petroli ni kilomita 1,600. Andika kwenye simu kila unapojaza. Oili ukiimwaga injini ikiwa na uvuguvugu inatoka na uchafu wake. Ikiwa baridi uchafu unabaki chini unakungoja.

CG haina filta ya oili ya karatasi kama ya gari. Ina wavu, na ina kikombe kinachozunguka nyuma ya kava la klachi, ambacho hutupa uchafu pembeni ukagandamana humo. Kikombe hicho wengi hawajawahi kukiona kwa macho. Siku kava linafunguliwa kwa sababu yoyote, mwambie fundi akisafishe, na uwe umeshanunua gasketi mpya.

Baada ya oili, vumbi. Anayeshuka Mabogini au kwenye mashamba ya miwa ya TPC wakati wa kiangazi anajua ninachosema: ukifuata lori humuoni hata mtu aliye mbele yako. Vumbi hilo likipita kwenye eya klina, chujio la hewa ya injini, linafanya kazi ya msasa kati ya ringi na silinda. Dalili yake ni moshi wa bluu na oili inayopungua bila kuvuja mahali. Eya klina ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, iminywe bila kusokotwa, ikauke kabisa, kisha ilowekwe oili safi na kukamuliwa. Ikirudishwa kavu, vumbi laini linapenya. Ya karatasi haioshwi, inabadilishwa. Kuna kijana wa kijiweni kwetu aliniambia, "Meku, toa hiyo eya klina, itavuta kama mpya." Ni kweli itafoka kwa sauti kubwa zaidi. Pia itakula vumbi lote la barabarani.

Tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu, ni mahali ambapo sikubaliani na mafundi wengi. Wao husifu injini iliyo kimya. Nafasi ya valvu kwenye CG ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye sumaku, gurudumu linalozunguka na injini, ikilingana na alama ya kava na valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Fundi anayepima kwa kutikisa kwa kidole anaweza kuibana kabisa, mteja akafurahi kwamba kelele zimekwisha. Lakini valvu isiyokalia vizuri haipoi, na ya ekzosi ndiyo huungua kwanza. Heri tik-tik kidogo. Filagaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ni kitu cha bei ndogo. Nunua yako, nenda nayo gereji.

Cheni iwe na mchezo, yaani ulegevu, wa sentimita 2 hadi 3, ukiupima sehemu kadhaa huku unazungusha tairi, maana cheni kuukuu haijavutika sawasawa kote. Iliyokazwa sana inaua beringi ya gia. Ikifika mwisho, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Mashine za maji ya presha ziwe mbali na beringi za magurudumu na za shingo ya usukani.

Limebaki la kwetu sisi wa milimani. Vijana wakitoka Marangu kushuka Himo wanazima injini, wanaweka nyutro, wanaachia, eti wanaokoa petroli. Injini ikiwa kwenye gia na umeachia mkono wa mafuta, inakunywa kidogo sana kupitia ile njia ndogo ya kabureta inayoilisha injini ukiwa hujavuta mafuta, na yenyewe inakushikia mwendo. Ukiizima, mzigo wote, pamoja na abiria wawili na mkungu wa ndizi, unabebwa na breki peke yake, na breki ya ngoma ikishapata moto haishiki vizuri. Shuka na gia ya pili au ya tatu. Kisha ukifika chini, kanyaga breki ya nyuma uangalie mshale mdogo kwenye ngoma: ukigusa alama, shuu, vile vipande vinavyobana ndani ya ngoma, zimekwisha, na zinabadilishwa siku hiyo hiyo.